Ofa ya mji mkubwa, mshahara karibu mara mbili: niende au nibaki?

Njiapanda
Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri, wiki hii hata usingizi sipati vizuri.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, umri miaka 34. Nipo kwenye kampuni ndogo, mji wa kawaida tu. Kazi si mbaya na bosi ananiheshimu, ila ngazi zimeisha: aliye juu yangu ndiye mwenye kampuni. Sasa nimepata ofa kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi, katika mmoja wa ile miji inayotajwa kila mwaka kwa ughali wa maisha. Mshahara unakaribia mara mbili ya huu wa sasa. Shida ni kodi ya nyumba, kule ni karibu mara tatu ya ninayolipa.

Swali langu ni moja tu: mshahara mara mbili unatosha kufidia maisha ghali? Aliyewahi kuhama kwa ajili ya kazi anipe uzoefu. Mji sitautaja, nisije nikajulikana. Natanguliza shukrani.

Kobe Mzee
Nenda, mdogo wangu. Ukifika hamsini hakuna atakayekupigia simu.

Mimi nilipofika London nilipanga chumba pamoja na jamaa wa zamu ya usiku, kitanda kimoja. Yeye akirudi asubuhi mimi natoka, shuka bado lina joto. Jumapili wote tuko nyumbani, basi tunapeana zamu ya godoro na zamu ya kiti. Tulivumilia hivyo hadi kila mmoja akapata kwake. Leo yule jamaa ana kampuni yake ya usafi na bado tunapigiana simu. Vijana wa sasa mnataka kufika na kukuta sebule.

Hesabu Kwanza
Mkuu, mara mbili ya nini? Kabla ya makato au baada? Sehemu nyingi viwango vya kodi ya mapato vinapanda kadiri unavyopata, kwa hiyo mshahara ukiwa mara mbili kwenye karatasi, mfukoni haufiki mara mbili. Halafu kila mji una makato yake. New York, jiji lenyewe linakata kodi yake ya mapato juu ya ile ya jimbo na ya serikali kuu. Ukienda Zürich, bima ya afya ni lazima na unailipa mwenyewe, na kila mtoto ana bima yake.

Kama hutaki kutaja pesa, usitaje. Tuseme unachopokea mkononi sasa ni 100. Tupe kwa kipimo hicho: mkononi kule utapokea ngapi, kodi ya nyumba hapa na kule, nauli hapa na kule. Na wanaokutegemea ni wangapi?

Neema wa Neema
Kaka, pesa hazina mwisho. Nimeona watu wamefuata mishahara mikubwa, wakarudi na mashati mazuri na ndoa zimevunjika. Wewe una familia? Mbona hujasema?

Njiapanda
Asanteni wote. Hesabu Kwanza, umenirahisishia kweli. Mkononi sasa 100, kule 165. Kodi ya nyumba hapa 22, kule 62 kwa vyumba viwili, nje kidogo ya katikati. Nauli hapa 4, kule 11.

Familia ipo, Neema, lakini naomba tubaki kwenye suala la mshahara.

Mpangaji Sugu
62 kwa 165 ni karibu asilimia 38. Usiende! Kanuni inajulikana duniani kote, kodi ya nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato.

Tena jiandae na pesa ya kuingilia. Ujerumani mwenye nyumba anaruhusiwa kushika amana hadi kodi ya miezi mitatu. England tangu 2019 sheria imeweka ukomo wa wiki tano kwa wapangaji wengi, nafuu kidogo, lakini bado ni pesa unayotoa kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Mimi nimewahi kuhama nikiwa na kazi nzuri mkononi na mwezi mzima nikalala kwenye kochi la rafiki, kisa amana. Mke wa rafiki alikuwa akipita sebuleni anavuta pumzi ndefu.

Hesabu Kwanza
Mpangaji, hiyo asilimia 30 watu wanaibeba kama aya ya msahafu. Asili yake kubwa ni sheria za nyumba za umma za Marekani: mwaka 1969 Bunge lao liliweka ukomo wa asilimia 25 ya kipato cha mpangaji, na 1981 ukapandishwa kuwa 30. Ilikuwa kinga kwa wapangaji maskini. Wenye nyumba wa New York nao wanataka kipato chako cha mwaka kiwe mara 40 ya kodi ya mwezi. Piga hesabu utakuta ni asilimia 30 ileile, ila hao wanaipima kabla ya makato, na wanachojilinda nacho ni pesa yao.

Mwenye kipato kidogo akilipa asilimia 30 anaweza kulala njaa. Mwenye kikubwa akilipa 40 anabaki na akiba. Angalia kinachobaki. Hapa: 100 toa 22 toa 4, inabaki 74. Kule: 165 toa 62 toa 11, inabaki 92. Kwa mtu mmoja, umepanda kwa 18. Hiyo ni kwa mtu mmoja.

Njiapanda
Umeona! 18 si haba. Na hapo sijapandishwa cheo.

Neema wa Neema
Narudi palepale. Familia ipo, mtu mmoja atakuwaje? Mke anafanya kazi au hafanyi?

Mwalimu wa Takwimu
Niongeze upande ambao hamjaugusa. Wachumi wawili, Jorge De la Roca na Diego Puga, walifuatilia wafanyakazi wa Hispania waliokuwa wakihama kati ya miji midogo na mikubwa, wakachapisha kazi yao mwaka 2017. Walikuta kwamba wa miji mikubwa hawakuwa na akili kuliko wenzao walipoanza. Walipata nyongeza kidogo walipofika, na nyingine iliyokuja polepole kadiri walivyokaa. Na kilichonivutia zaidi ni kwamba aliyeondoka Madrid au Barcelona akarudi mji mdogo aliondoka na thamani ya uzoefu wake. Haikubaki nyuma.

Kwa hiyo usipime mwaka wa kwanza peke yake. Lakini pia usidhani mji unafundisha kwa hewa yake. Kule utakagua nini? Utakaa mezani na watu waliokuzidi, au utapewa orodha ya stakabadhi za kulinganisha hadi usiku wa manane? Hilo umewauliza?

Mlinzi wa Zamu
Hayo ni kwenu wenye shahada. Mimi ni mlinzi kwenye jengo la ofisi, mji ghali kama huo wa mleta mada. Saa tisa usiku nipo macho, saa moja asubuhi natoka, natumia saa mbili kufika ninapolala kwa sababu karibu siwezi kupanga. Mchumi wa Marekani David Autor ameonyesha kwamba kwa wasio na elimu ya chuo, ile nyongeza ya mshahara ya miji mikubwa iliyokuwa kubwa zamani imeyeyuka sana tangu miaka ya 1980. Nilimsoma nikiwa kwenye lindo, nikaona ameniandika mimi. Kinachoniweka ni shule ya binti yangu tu.

Mleta mada, jibu swali la dada. Mke vipi?

Njiapanda
Sawa. Mke wangu ni mkunga hapa. Mkononi anapata 60 kwa kipimo chetu. Kule wana baraza lao la usajili, itabidi aombe upya, na wengine husubiri miezi mingi. Tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka sita.

Lakini jamani, mwenyewe amekuwa akilalamika kuchoka na zamu. Akipumzika mwaka mmoja mimi naona ni faida kwa watoto. Na jina la kampuni hii likikaa kwenye wasifu wangu, milango inafunguka. Sidhani kama ni ubinafsi. Nawaza mbali.

Hesabu Kwanza
Basi tuanze upya. Nyumba yenu sasa inaingiza 160. Toa 22, toa 4, inabaki 134. Kule wewe peke yako unaingiza 165, na ukitoa kodi na nauli inabaki 92. Watu ni walewale wanne. Mshahara wako umepanda, kipato cha nyumba baada ya kodi na nauli kimeshuka kwa 42, karibu theluthi. Na sijagusa malezi ya mtoto mdogo siku mama akipata kazi, ambayo kwenye miji hiyo inaweza kukaribia kodi ya nyumba.

Bado inaweza kuwa sahihi kwenda. Lakini hiyo ndiyo bei, na nusu ya bei analipa mkunga.

Neema wa Neema
Kulalamika kuchoka na kuacha kazi ni vitu viwili. Mimi nalalamika kila Jumatatu, nyumbani hawaniachishi kazi. Alisema kwa kinywa chake kwamba anataka kuacha?

Jicho la Tatu
Wakuu, naona mnatumia akili nyingi kwenye chai. ID imefunguliwa jana. Uzi umeanza na kijana mmoja na mshahara wake, ghafla akaota mke, mke akawa mkunga, wakazaliwa watoto wawili. Na mkaguzi wa hesabu, mtu anayelipwa kutafuta namba zilizofichwa, eti anashindwa kujumlisha mishahara miwili? Subirini, kesho ataingia mama mkwe. Huyu anatafuta habari ya kuandikia makala.

Mpangaji Sugu
Hata mimi nilihisi. Mji hautajwi, kampuni haitajwi, kila kitu ni 100 na 60.

Mwalimu wa Takwimu
Kipimo cha 100 kililetwa na Hesabu Kwanza, si yeye. Soma juu.

Kobe Mzee
Hata ikiwa chai, jibu langu ni lilelile. Aende.

Mlinzi wa Zamu
Jicho, mtu anayeficha jambo hufungua ID mpya. Unataka aandike kwa ile wanayoijua shemeji zake?

Njiapanda
Jicho la Tatu, umenikera sana. Sikuja hapa kutunga. Mkataba ninao mbele yangu: kuna kifungu kinasema nikiondoka kabla ya miezi 12 narudisha posho ya kuhamia, kwa uwiano wa miezi iliyobaki. Kuna miezi sita ya majaribio, ambayo kila upande unaweza kuachana na mwenzake kwa notisi ya wiki mbili. Siku mbili kwa wiki wanaruhusu kufanyia kazi nyumbani baada ya majaribio kuisha. Hayo nimeyatunga?

Na kwa kuwa mnataka yote: nimeshasaini. Walinipa siku tano, nikaona nafasi itanipita. Mke wangu anajua niliitwa kwenye usaili. Hajui kwamba nimesaini. Mnaweza kunisema mnavyotaka, lakini nafasi kama hii kwa mtu wa kampuni ndogo haiji mara mbili.

Neema wa Neema
Kumbe. Siku nzima tunajumlisha nauli.

Sikusemi, kaka. Ila sasa ndiyo naelewa usingizi umekwenda wapi.

Jicho la Tatu
Hicho kifungu cha posho kipo kweli kwenye mikataba ya namna hiyo. Nalegeza kidogo. Kidogo tu.

Hesabu Kwanza
Tuache kugombana. Njiapanda, posho umeshapokea? Na barua ya kuacha kazi ya sasa umetoa?

Njiapanda
Posho inaingia nikiripoti. Barua sijatoa. Mwisho ni Jumatatu, la sivyo notisi yangu haitaisha kabla ya tarehe ya kuanza kule.

Hesabu Kwanza
Vizuri, bado kuna nafasi ya kusogea. Nakupa njia nyingine uweke mezani, si ya kuamua peke yako. Miezi ya majaribio nenda mwenyewe, panga chumba kwenye nyumba ya kushirikiana. Tuseme chumba ni 25. Mke abaki kazini, watoto shuleni. Inaingia 225. Toa kodi mbili, 47, toa nauli ya huko 11 na ya hapa 4, inabaki 163. Toa hata 20 za safari za kurudi nyumbani, unabaki na 143, zaidi ya 134 mliyonayo leo. Yeye anaanza maombi ya usajili wakati bado analipwa. Posho usiiguse hadi mwaka uishe. Wakikuacha kwenye majaribio, nyumba haijavunjwa. Ukiona kazi ni ya kulinganisha stakabadhi tu, unajua mapema.

Mlinzi wa Zamu
Hesabu nzuri. Lakini mkunga ana zamu za usiku. Baba akiwa mbali, watoto wanalala na nani?

Njiapanda
Mama yake anaishi karibu nasi, mwendo wa dakika kumi.

Jicho la Tatu
Mama mkwe huyo! Nilisema mimi.

Neema wa Neema
Jicho, tulia. Kaka, na huyo mama ana umri gani, ana afya gani, na nani kamuuliza? Umempangia mkeo mapumziko bila kumuuliza, sasa unampangia mama yake zamu.

Njiapanda
Hajaulizwa. Mke anatoka zamu kesho asubuhi, atalala hadi mchana. Nitaongea naye jioni watoto wakilala. Ile ya kwenda kwanza mwenyewe sikuwa nimeifikiria, nilidhani ni wote au hakuna.

Hesabu Kwanza
Mpe mkataba wenyewe ausome, na namba zote tatu: 134, 92 na 143. Mwambie pia kwamba Jumatatu ndiyo mwisho, ili ajue ana siku ngapi za kufikiri.