Mama wa upasuaji, siku ya nne: dawa za maumivu azinyweje huku ananyonyesha?

BabaKichanga_Moro
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye ujuzi. Mke wangu (miaka 27, kilo 62) alijifungua kwa upasuaji Jumatatu, ganzi ilikuwa ya sindano ya mgongoni. Mtoto wa kike, kilo 3.1, ananyonya vizuri. Tumeruhusiwa jana Alhamisi. Mama hana pumu, hana vidonda vya tumbo, presha ilikuwa kawaida mimba nzima. Bahasha tulizopewa:

Parasetamoli miligramu 500, 2x3
Diklofenaki miligramu 50, 1x3
Tramadoli kapsuli miligramu 50, 1x2, siku tatu
Antibayotiki, hiyo hatuna swali nayo

Mchana anajimudu. Shida ni usiku: kuanzia kama saa 8 hawezi hata kugeuka kumchukua mtoto. Mama mkwe yupo nasi, anasema dawa zote zinaingia kwenye maziwa, kwa hiyo mke wangu ameanza kuruka diklofenaki. Je, ni kweli zinamdhuru mtoto? Na usiku tufanyeje?

Mkunga_wa_Zamu
Hongereni kwa mtoto, na mama mpe pole.

Itazame hiyo bahasha ya 2x3. Karibu kila mtu huisoma "asubuhi, mchana, usiku", akanywa saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku baada ya chakula. Hesabu sasa: kutoka saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi ni saa 12 nzima. Parasetamoli hutuliza kwa saa 4 hadi 6. Ikifika saa 8 usiku imeshaisha nguvu, diklofenaki nayo ameiruka, na hapo ndipo mtoto anaamka kunyonya. Mshono wake hauna ubaya wowote wa usiku. Amebaki bila dawa tu.

Kwa mtu mzima wa kilo 62 asiye na tatizo la ini, parasetamoli inaruhusiwa gramu 1 (vidonge viwili vya 500) kila baada ya saa 6, isizidi vidonge 8 ndani ya saa 24. Kwa hiyo aongeze dozi ya nne: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku, saa 7 usiku. Angekuwa chini ya kilo 50 ningesema dozi ipunguzwe, lakini yeye hayumo huko.

Diklofenaki 1x3 ni kila baada ya saa 8: saa 1 asubuhi akishakunywa uji, saa 9 alasiri, saa 5 usiku akiwa na kitu tumboni, hata kipande cha mkate na maziwa. Hiyo ya saa 1 asubuhi inagongana na parasetamoli na haina neno. Dawa hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti, zikikaa pamoja zinatuliza kuliko yoyote ikiwa peke yake.

Weka kengele ya simu saa 5 na saa 7 usiku. Anayeamka kwa kengele uwe wewe kaka, umpelekee vidonge na glasi ya maji. Asisubiri maumivu yapande ndipo anywe. Yakishapanda, kidonge kinahitaji nusu saa hadi saa nzima kuyashusha, na muda wote huo mama amekakamaa. Mama aliyekakamaa kwa maumivu maziwa yake hayashuki vizuri, mtoto anavuta na kulia, mama anazidi kukaza tumbo.

Wengine huambiwa wapangie dawa nusu saa kabla ya kunyonyesha. Kwa kichanga hilo haliwezekani, ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Fuata saa tu.

Mfamasia_Kona
Nyongeza upande wa dawa, nikianza na hofu ya mama mkwe, maana ni hofu ya upendo na inastahili jibu kamili.

Ni kweli karibu kila dawa hupita kwenye maziwa. Swali ni kiasi gani. Parasetamoli inayofika kwa mtoto ni ndogo kuliko ile ambayo daktari angempa mtoto mwenyewe akiwa na homa. Diklofenaki na ibuprofeni hupita kwa uchache sana. Kwa ibuprofeni, ukilinganisha kwa uzito, mtoto hupata chini ya asilimia 1 ya dozi ya mama. Isitoshe, siku hizi za mwanzo maziwa yenyewe ni machache, kwa hiyo na dawa inayopita ni chache. Diklofenaki arudi kuinywa bila wasiwasi mpaka bahasha iishe.

Tramadoli ndiyo ya kuangaliwa. Mwilini hubadilishwa na ini kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na kuna watu ambao ini lao hubadilisha haraka mno. Kodeini nayo ni hivyo hivyo, yenyewe hugeuka kuwa mofini. Kwa nje huwezi kumtambua mtu wa namna hiyo, na kwa watu wa Pembe ya Afrika hali hii ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia. Mama akiwa hivyo, mtoto anaweza kupata dawa nyingi kwenye maziwa, akalegea na kupumua kwa shida. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba wanaonyonyesha wasitumie kodeini wala tramadoli. Kwingine madaktari bado huziandika kwa siku chache na kwa uangalizi.

Ushauri wangu: panga parasetamoli na diklofenaki kwa saa kama mkunga alivyoeleza. Wengi wakifika siku ya nne hizo mbili zinawatosha. Kesho asubuhi mpigie simu au mrudie daktari aliyeandika, umwambie mnanyonyesha na mnataka kuiacha tramadoli. Kama atasema iendelee, basi mtazameni mtoto: akilala zaidi ya saa 4 bila kuamka kunyonya, akilegea mikono na miguu, akishindwa kuvuta titi, au akipumua polepole au kwa kukatakata, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali.

Jambo moja la dukani. Usimwongezee kitu cha kununua bila kusoma maandishi ya pakiti. Kuna vidonge vya mgongo vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli. Akinywa hivyo juu ya bahasha zake anazidisha dozi bila kujua. Ibuprofeni juu ya diklofenaki pia hapana, ni ukoo mmoja: maumivu hayapungui zaidi, tumbo na figo ndivyo vinavyoumia. Aspirini aiache kabisa wakati wa kunyonyesha.

Na kwa wasomaji wengine: mama mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayoamshwa na dawa hizi, ugonjwa wa figo, au aliyetoka kwenye kifafa cha mimba, diklofenaki isianzwe mpaka daktari aseme.

BabaKichanga_Moro
Asanteni sana, mmenifungua macho. Tramadoli alikunywa moja jana usiku, akalala fofofo, mtoto akalia yeye hakusikia. Tutaiacha mpaka niongee na daktari.

Mengine matatu. Akinyonyesha tumbo linamkaza kama uchungu umerudi, je ni mshono? Pili, kuamka kitandani ni mateso. Tatu, mama mkwe anataka kesho aanze kumkanda tumbo kwa maji ya moto na kumfunga mkaja.

Mkunga_wa_Zamu
Huko kukaza ni mfuko wa uzazi unaorudi mahali pake. Mtoto akivuta titi, mwili wa mama unatoa homoni ileile iliyokuwa ikileta uchungu. Ndiyo inayozuia damu isitoke kwa wingi, kwa hiyo ni dalili njema, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Diklofenaki hutuliza mkazo huu vizuri kuliko parasetamoli, sababu nyingine ya kutoiruka. Pia akojoe kila baada ya saa 2 au 3 hata kama hajabanwa. Kibofu kikijaa mkazo huwa mkali zaidi.

Kukanda: hapana. Ngozi ya kuzunguka mshono inaweza kuwa na ganzi kwa wiki au miezi, hasikii joto lilivyo, na kuungua hapo ni rahisi mno. Maji yakilowanisha mshono na kuminywa juu yake, unaweza kufumuka au kuingia wadudu. Mwombe mama mkwe kwa heshima amkande miguu au mgongo wa juu kwa kitambaa cha uvuguvugu, na mtori au uji wake tunauhitaji sana. Mkaja anaweza kufunga wakati wa kutembea tu: khanga safi, kavu, iwe legevu kiasi cha kupitisha vidole viwili, ifunguliwe akilala. Ukikaza unazuia pumzi na kutunza jasho kwenye mshono.

Mshono usipakwe chumvi, spiriti, wala unga wa kapsuli. Akioga, maji yapite juu yake, kisha aukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi.

Fizio_Kanda_ya_Ziwa
Kuamka kuna namna yake. Tatizo ni kwamba watu huinuka moja kwa moja wakiwa chali, na misuli ya tumbo inauvuta mshono. Afanye hivi: akunje magoti yote mawili, nyayo zikiwa kitandani. Ageuke ubavu mabega na magoti yakienda pamoja kama gogo. Ashushe miguu ukingoni, na wakati huohuo ajisukume kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu, huku akitoa pumzi taratibu. Akishakaa atulie kama dakika moja, ndipo asimame.

Khanga iliyokunjwa mara nne ikae karibu na mto. Akitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, aibane juu ya mshono kwa viganja viwili. Inasaidia kuliko inavyoonekana.

Kunyonyesha usiku alale ubavu, mtoto naye ubavu, matumbo yakitazamana, mto mmoja mgongoni na mwingine katikati ya magoti. Mchana akikaa, ampitishe mtoto kwapani, miguu ielekee nyuma ya mama, mto ukiwa chini ya mtoto. Kwa njia zote mbili hakuna teke linalofika kwenye mshono.

Atembee ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku. Gesi inatoka na damu haigandi miguuni. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, asiiguse kwa wiki 6. Mtoto ndiye mzigo wake.

Mfamasia_Kona
Fizio umenikumbusha choo. Tramadoli na vidonge vya kuongeza damu vyote hufunga choo, na kujikamua kunauma mshono kuliko kikohozi. Maji ya kutosha, papai, mboga za majani. Vidonge vya damu hugeuza choo kuwa cheusi, hilo ni kawaida. Kikiwa cheusi, chenye kunata kama lami na kunuka vibaya, na tumbo la juu linachoma, aache diklofenaki na aende hospitali.

Mkunga_wa_Zamu
Na arudi hospitali siku hiyohiyo akiona maumivu yaliyokuwa yanapungua yanapanda tena licha ya dawa, joto kufika 38, usaha au mshono kuachia, uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya, pedi moja kulowa chapachapa ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kupumua. Kichwa kinachouma akikaa na kutulia akilala kinaweza kutokana na sindano ya mgongo, kina matibabu. Kichwa kikali na macho kuona ukungu, apimwe presha haraka hata kama ilikuwa kawaida kwenye mimba.

BabaKichanga_Moro
Kengele nimeshaweka, saa 5 na saa 7. Nikipitiwa na usingizi tukaamka saa 9 usiku, tunakunywa mbilimbili?

Mfamasia_Kona
Hapana. Anywe dozi moja ya kawaida saa hiyo ya 9, kisha uhesabu saa 6 mpya kuanzia hapo, yaani parasetamoli inayofuata ni saa 3 asubuhi. Diklofenaki ikichelewa fanya vivyo hivyo kwa saa 8. Andika saa ya kila dozi juu ya bahasha kwa kalamu; usiku wa manane kichwa hakikumbuki.