Naomba ushauri: nimebadili kadi ya grafiki, sasa prosesa ndo inazidiwa?

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kidogo maana nimekwama. Kompyuta yangu ya gemu ina prosesa ya Ryzen 5 2600, mazabodi ya B450, RAM 16GB DDR4 na pawa saplai ya wati 650. Juzi nikaweka kadi ya grafiki ya RTX 3060 Ti nikijua mambo yatakuwa moto, ila monita yangu bado ni ya 1080p.

Sasa shida iko hivi, nikiwa porini kwenye gemu fremu kwa sekunde zinafika 90 safi kabisa, nikiingia tu mjini kwenye watu wengi zinaporomoka mpaka 48 na picha inakwamakwama, na hapo nikiangalia matumizi ya kadi yapo asilimia 55 tu wakati koa (core) moja ya prosesa imegonga asilimia 98. Inaniuma kweli kuona kadi nzuri hivi imekaa nusu bure.

Nimeshajaribu kushusha grafiki toka ultra mpaka low, fremu hazikuongezeka hata kidogo. Nimeweka draiva upya, XMP (ile seti ya kuifanya RAM ikimbie spidi yake kamili) iko on, joto la prosesa haliendi juu ya nyuzi 70.

Maswali yangu: nikiapdeti BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) nikaweka prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi hiihii itatosha kuilisha hii kadi, au nijibane nifike Ryzen 7 5700X3D kwa ajili ya ile cache (memori ya haraka ndani ya prosesa) kubwa ya 96MB? Na je, nikihamia monita ya 1440p huko mjini patatulia au kukwama kutabaki palepale?