Kabati la chumbani ni dogo, fundi anasubiri jibu. MDF au plaiwudi?

Kitasa:
Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie, nimekwama na usingizi sina. Chumbani tuna kabati la ukutani, upana wa ndani sm 118, kwenda juu sm 240. Lilijengwa na milango miwili ya bawaba. Ndani mna bomba moja la kutundikia nguo na rafu moja juu yake, basi. Huko chini ni rundo la viatu na mashuka. Tunalitumia wawili, mimi na mume wangu. Nimempata fundi wa kutengeneza ndani kwa vipimo vyetu: vyumba vitatu vya kusimama, droo nne, pa viatu, na rafu ya mabegi juu kabisa. Swali langu ni moja tu: MDF (ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) au plaiwudi? Kesho fundi anataka jibu.

Zumaridi:
Plaiwudi, dada. MDF ikipata maji inavimba na hairudi tena.

Mzee wa Kona:
Tusiisingizie MDF. Kabatini maji yanatoka wapi? Uso wake ni laini, rangi inakaa vizuri kuliko kwenye plaiwudi. Shida zake ni mbili. Kwanza uzito. Pili, ukipiga skrubu ubavuni bila kutoboa kwanza inapasuka. Na rafu ya mm 18 usiiache ndefu bila nguzo, ikipita sm 80 na ikabeba mzigo itabonyea katikati tu.

Tulia Kwanza:
Mimi nitasema lisilopendwa. Tatizo si kabati, ni nguo. Tulipohama nilimwaga zote kitandani, nikajiuliza kwa kila moja kama nimeivaa tangu mvua zilizopita. Karibu nusu nikagawa. Kabati lile lile likatosha na nafasi ikabaki. Dada, anza na hapo kabla hujamlipa fundi.

Msumeno:
Mleta mada, umetaja upana na urefu. Kina je? Kutoka ukuta wa nyuma hadi mbele ni sm ngapi?

Kitasa:
Kina ni cha kawaida tu mkuu. Tumalize kwanza la ubao.

Msumeno:
Hakuna cha kawaida, dada yangu. Henga ya mtu mzima ni karibu sm 45, na koti likikaa juu yake mabega yanapita 50. Ndiyo maana makabati ya kutundika hutengenezwa sm 60 kwa kina. Chukua futikamba sasa hivi. Pima chini, katikati na juu, maana kuta hazinyooki, kisha ushike kile kilicho kidogo. Pima pia kutoka kabatini hadi kitandani.

MamaMapacha:
Nikiwasoma nimelikumbuka bomba langu. Lilikuwa sm 150, halina kishikio katikati. Likaanza kupinda taratibu, nikasema litakaa. Usiku mmoja likaanguka na nguo zote, mume wangu akaruka na fimbo akidhani mwizi kaingilia kabatini! Tangu siku hiyo bomba likizidi mita moja nataka kishikio katikati, na simsikilizi fundi anayeniambia si lazima.

Kitasa:
Nimepima. Kina ni sm 44. Hadi kitandani sm 52. Lakini msianze kunitisha, fundi alikuja akaona mwenyewe na ana uzoefu. Tutatoka mbele. Mbao zina kina cha sm 58, kwa hiyo kabati litatokeza sm 14 chumbani, halafu tutaweka milango ya kusukuma pembeni, inayoteleza kwenye reli.

Zumaridi:
Subiri. "Mbao zina kina cha sm 58." Zimeshakatwa?

Kitasa:
Ndiyo.

Zumaridi:
Mbao gani?

Kitasa:
MDF. Nilitaka kuwasikia na ninyi mkisema ni nzuri. Jibu analongoja fundi ni la kuja kufunga.

Tulia Kwanza:
Na shemeji anajua?

Kitasa:
Anajua nataka kulitengeneza. Hajui kazi imeanza. Amesafiri, akirudi atalikuta tayari.

Tulia Kwanza:
Dada, chumba ni cha wawili. Hata kama hela ni yako, kumfungulia mtu mlango akute chumba chake kimegeuzwa si jambo dogo. Mpigie simu leo. Nyumba nyingi zimeyumba kwa mambo madogo ya kushtukizana kuliko makubwa.

Shuhuda:
Wakuu, mimi nimesoma kutoka juu na kikokotoo mkononi. Upana sm 118, milango miwili ya bawaba. Kila mlango ni kama sm 59. Kutoka kabatini hadi kitandani sm 52. Niambieni, mlango wa sm 59 unafungukaje penye nafasi ya sm 52? Unagonga kitanda kabla haujafika popote. Na nguo za henga zilikuwa zinaenea vipi kwenye sm 44, mlango ukafungwa? Hili kabati halipo. Hii chai, tena bila sukari.

Mzee wa Kona:
Hesabu yake haina kasoro. Mleta mada atupie picha.

MamaMapacha:
Jamani, mtu atunge kabati ili apate nini?

Shuhuda:
Wapo. Leo kabati, kesho anatuletea namba ya fundi wake.

Kitasa:
Sina namba ya mtu ya kuwaletea. Picha hiyo hapo. Nimeandika lilijengwa na milango, sijasema bado ipo. Tuliing'oa zamani kwa sababu hiyo hiyo, ilikuwa inagonga kitanda. Tunatumia pazia, na henga huwa zinalisukuma pazia mbele, ndiyo maana kina hakijawahi kunisumbua.

Na mkitaka kujua kwa nini nina haraka: lile kabati la kusimama mnaloliona pembeni, lenye nguo za mume wangu, lazima litoke. Hapo ndipo kitakaa kitanda cha mtoto. Nimebakiza muda mfupi nijifungue. Nguo za kabati lile zinahamia hili la ukutani, na sitaki kuhangaika na mafundi nikiwa na kichanga chumbani. Sasa mwenye la kusema aseme.

Shuhuda:
Nimeiona picha. Namwomba radhi dada. Hongera, na Mungu akujalie salama.

Msumeno:
Hongera sana dada. Sasa naongea nikijua kinachotafutwa, na habari njema ni kwamba mbao zilizokatwa kubwa bado zinaokoka.

Usitoke mbele. Kabati likitokeza sm 14, kati yake na kitanda zinabaki sm 38. Hapo utapita ubavu ubavu, usiku, na mtoto mkononi. Droo ya kina cha sm 50 haitafunguka yote, na milango ya kusukuma itakuonyesha nusu ya kabati tu kila ukiifungua.

Mwambie fundi apunguze mbao zote zifike sm 42. Akate upande wa NYUMA. Mbele kama ameshabandika utepe wa ukingo, ubaki vile vile. Zile sm 2 zinaachwa nyuma ili hewa ipite. Ubavu mbichi uliokatwa upakwe rangi, usiachwe wazi.

Vyumba vitatu pia viondoe. Mbao nne za kusimama za mm 18 zinakula sm 7.2, zinabaki 110.8. Gawa kwa tatu, kila chumba sm 37. Henga ya 45 haiingii hata ukiigeuza. Fanya viwili: kimoja sm 60, kingine kitabaki na sm 52 na kidogo. Kwenye cha 60 usiweke bomba la kwenda kushoto na kulia. Kuna bomba fupi linalofungwa chini ya rafu, ukilivuta linakuja mbele, na nguo zinakutazama kifua badala ya kukupa bega. Weka mawili, la juu karibu sm 200 kutoka sakafuni, la chini sm 100. Mashati na suruali zilizokunjwa zinaenea kote kuwili. Yanabeba nguo chache kuliko bomba refu, hilo nakwambia mapema, kwa hiyo vitu vya kukunjwa vihamie kwenye rafu.

Mzee wa Kona:
Na ule ubao wa kusimama unaozidi, wa sm 240, unatoa rafu nne za sm 52. Vile vipande vya sm 37 vilivyokwisha katwa vitakuwa mbavu za droo. Hakitupwi kitu.

Kitasa:
Magauni marefu je? Ninayo, na siyaachi.

Msumeno:
Gauni refu linataka sm 150 na zaidi. Ama uache bomba moja tu upande huo, ama uyakunje mara moja kwenye henga ya suruali. Kwa hali uliyonayo ningekunja. Nafasi ya bomba la chini ni ya nguo za mume wako.

Zumaridi:
Mtoto akija, jambo moja msilisahau: kabati lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe na skrubu zinazoshika. Watoto wanapanda droo zilizofunguliwa wakizifanya ngazi, na kabati lenye droo nne likivutwa mbele linaanguka. Ukuta ukiwa wa jipsamu, plagi za kawaida za skrubu hazishiki, fundi atafute mihimili iliyo nyuma yake.

MamaMapacha:
Na lifungwe mapema, likae wazi lipate hewa, madirisha wazi. MDF mpya ina gundi yenye harufu, ile ni kemikali ya formaldehaidi. Usimlaze kichanga na harufu ile.

Tulia Kwanza:
Simu umepiga?

Kitasa:
Nimepiga. Kanyamaza kidogo, halafu akauliza makoti yake yatakaa wapi. Nikamsomea alichoandika Msumeno, kakubali. Fundi naye kakubali kukata nyuma, ingawa kanung'unika kwamba milango ya kusukuma ingependeza. Pazia libaki kwa sasa. Ila droo nne sipunguzi, nguo za mtoto nataka zikae chini ninapozifikia nikiwa nimekaa.

Msumeno:
Nne sawa. Chukua reli za droo za sm 35, usichukue za 40. Droo ikifunguka yote unabaki na sm 17 hadi kitandani, na ukikaa pembeni ya kitanda unazifikia zote. Pazia likunjwe upande wa mabomba, lisinaswe kwenye reli.