Chakula cha fasta JNIA (uwanja wa Julius Nyerere, Dar) kabla ya ndege: mtaani, ndani, au hotipoti?

MtuWaMoro
Wadau, Jumamosi nina ndege ya Mwanza saa 8 mchana, Terminal 2. Natoka Morogoro na treni ya asubuhi, kwa hiyo nikifika Dar njaa itakuwa imeshaniuma. Nataka chakula cha moto kilichopikwa siku hiyohiyo, na kisinichukue zaidi ya nusu saa. Nimefikiria njia tatu: nile mtaani kabla ya kuingia, nile mgahawa wa ndani, au mke wangu anifungie wali kwenye hotipoti. Wazoefu nisaidieni.

Binti_Kipawa
Mtaani, wala hakuna mjadala. Kuanzia saa 6 mama ntilie wa Kipawa na Banana, hapo jirani na uwanja, ndio wanaepua masufuria: wali, maharage, mchicha, samaki. Ukija saa 9 utakuta ukoko. Tatizo ni mizigo tu. Kama una masanduku mawili, usijaribu kukaa kwenye benchi lile.

Kapteni_Foleni
Kaka, treni yako ni ya kawaida au ya haraka? Ya kawaida inasimama Pugu. Ukishuka hapo unakuja na Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, unafika uwanjani bila kwenda mjini na kurudi. Ya haraka haisimami, itakupeleka hadi Stesheni, halafu uanze kupambana na Barabara ya Nyerere. Huo muda ndio wa kula.

Mpishi_Mstaafu
Nimepika migahawa ya viwanjani miaka mingi, sitaji wapi. Ndani pia unaweza kula vizuri, ila usianze na menyu, anza na lile kabati la kioo. Sambusa iliyolowa mafuta chini na ncha zake zimekauka imeshapashwa, pengine si mara moja. Chakula kikiwa vuguvugu, yaani kati ya nyuzi 5 na 60, vijidudu wanazaliana. Agiza kitu kinachopita motoni mbele yako: mayai ya kukaanga, chipsi mayai. Mayai dakika tano, chipsi mayai subiri kidogo kama viazi ndio vinaingia kwenye mafuta.

Na usimwulize mhudumu "kipi kizuri?" Utauziwa kilichododa. Uliza "kipi kinatoka jikoni sasa hivi?"

Hotipoti ya wali achana nayo, shemeji atanisamehe. Wali uliofungwa alfajiri mpaka mchana unapoa polepole, na kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus anayependa hali hiyo. Sumu yake haifi hata ukipasha upya. Kama lazima ubebe, beba chapati kavu, mayai ya kuchemsha uliyoyaacha na maganda, ndizi mbivu.

ShekheUrojo
Mimi nilibeba urojo kwenye chupa, safari ya Muscat. Nikaambiwa kimiminika chochote kinachozidi mililita 100 hakipiti. Nikaumalizia palepale mbele ya mkaguzi, kachori na bajia zikabaki kwenye mfuko peke yake. Siku hizi nabeba mkate wa ufuta na katlesi.

Wa_Embakasi
Huku kwetu JKIA, uwanja wa Nairobi, hesabu ni tofauti. Abiria tunakaguliwa kabla hata ya kufika terminal, kwa hivyo ukishaingia huna hamu ya kutoka tena kutafuta chapo. Mimi hula nyumbani.

Lakini nani amemwambia huyu ndugu ale maharage? Hewa ndani ya ndege ikiwa juu ni kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na gesi iliyo tumboni inatanuka. Sisi wa Nairobi tunaishi karibu na mita 1,800, tofauti hatuioni sana. Wewe unaruka kutoka usawa wa bahari, utaisikia, na jirani yako ataisikia pia.

Binti_Kipawa
Haya, maharage nimeyaondoa. Ale samaki.

Kapteni_Foleni
Samaki na miiba, huku anatazama saa? Ale kuku.

Binti_Kipawa
Mtu wa Moro huyo, si mtoto.

MtuWaMoro
Mrejesho. Treni ilikuwa ya kawaida, nikashuka Pugu, bajaji mpaka Banana. Nilifika saa 5 na nusu. Nikauliza lile swali la Mzee Mpishi, mama akacheka, akasema wali bado dakika kumi, kama nina haraka kuna chapati za asubuhi. Nikangoja. Wali, samaki wa kukaanga aliyetoka kwenye mafuta nikimwona, mchicha na pilipili pembeni: 4,000. Miiba nilipambana nayo. Saa 6 na nusu nilikuwa ndani, nikanunua maji tu, na bei yake nimeamua kuisahau.

Mke wangu amesoma uzi huu na amemsamehe Mzee. Ila hata hatujapita Dodoma, dada wa siti ya pembeni akafungua hotipoti. Maharage.