Nawezaje kutoa neno la siri kwenye mfumo wa mahesabu wa duka? Msaada wa haraka

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Niende kwenye mada.

Nina duka la pembejeo hapa Makambako: mbolea, mbegu na dawa za mimea. Tangu 2019 natumia mfumo wa mahesabu wa kwenye kompyuta (jina siliweki, sitaki ugomvi na mtu). Zamani ulikuwa unabofya unafunguka, unaingiza mauzo, biashara imeisha. Mwaka jana likaja toleo jipya na ndipo mateso yalipoanza. Neno la siri ni lazima. Liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Kila siku 90 linakufa, unatunga jingine, na la zamani halirudiwi. Ukienda stoo dakika kumi kupima mbegu, ukirudi umefungiwa nje. Mteja kasimama, mikono yako imejaa vumbi la Urea, unaanza kuitafuta @ iko kitufe gani.

Swali langu ni moja tu: kuna namna ya kulitoa kabisa? Duka langu, kompyuta yangu, leseni nimeilipia. Kwa nini nipige hodi nyumbani kwangu?

Wakulima wameshaanza kuuza mahindi, kwa hiyo nina haraka. Natanguliza shukrani.

Chumvi Nyingi

Weka jina la mchepuko na mwaka mliokutana. Herufi kubwa ipo, tarakimu zipo, na alama utaachiwa na mkeo akilijua.

Bibi Leja

Mkuu, nafanya mahesabu ya maduka matano, malalamiko haya nayasikia kila wiki. Kwenye matoleo mapya mengi huwezi kulitoa. Unachoweza ni kuongeza muda kabla halijajifunga, na kumpa kila mfanyakazi jina lake la kuingilia.

Ila kuna kitu sijakielewa. Umeandika una haraka. Haraka ya nini kama unaingia kila siku, hata kama kwa kero? Ukiandika neno lako sasa hivi, mfumo unakujibu nini?

Mzee wa Kauntabuku

Nimefungua duka 1994. Kauntabuku nene, kalamu ya bluu mauzo, nyekundu madeni. Sijawahi kuulizwa na daftari mimi ni nani. Vijana mnajitafutia presha wenyewe.

Ndondocha wa Pili

Mzee shikamoo. Daftari la baba yangu lenye madeni ya misimu miwili lililiwa na mchwa, likabaki jalada. Wadaiwa walikuja kumpa pole, wakamnywea na chai, hakuna aliyelipa hata mia.

Sinza Famasi

Hapa kwangu tulikuwa watano kwenye kaunta na mfumo ukawa unabadilisha neno kila miezi mitatu. Tukaanza na Panadol1!, ikaja Panadol2!, tukafika Panadol7!. Mfamasia wangu akawa analiandika kwa wino mweupe nyuma ya kikokotoo, anafuta, anaandika jingine juu yake. Siku moja kikokotoo tukamuazima jirani wa duka la simu. Akakirudisha jioni huku anacheka: "Nyie mmefika Panadol ya saba?"

Hapo ndipo nilipojua haya masharti yanalinda kitu kingine, siyo duka langu.

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Sinza umenichekesha, hata sisi ni hivyo hivyo. Chini ya kibodi kuna karatasi: Mvua1, Mvua2, Mvua3, zote zimekatwa kwa kalamu.

Dada Leja, unajibu kwamba neno si sahihi. Jina la kuingilia ni la ofisi tu, tunatumia wote. Kuna namna ya kulitoa au hakuna?

Bibi Leja

Kwa hiyo huingii. Hilo ni tofauti na kero uliyoileta. Neno la mwisho lilitungwa na nani?

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Na binti aliyekuwa anaandika mahesabu. Kwa sasa hayupo.

Chumvi Nyingi

Hayupo amefariki, hayupo amesafiri, au hayupo umemtimua?

Kuku wa Kienyeji Iringa

Niko siti ya mbele na karanga zangu. Uzi umeanza kuwa mtamu.

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Sikumtimua, aliondoka mwenyewe.

Haya, niseme tu. Ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Nimemtoa kwao mimi, kompyuta nimemfundisha mimi. Mwezi wa tano tulihesabu stoo tukakuta upungufu wa kama 2,300,000, na hakuna aliyekuwa na maelezo. Nikamwambia tutakatana kidogo kidogo kwenye mshahara. Mwezi wa tano sikumlipa, wa sita sikumlipa. Tarehe 3 mwezi huu akabeba begi akaenda kwa mama yake Wanging'ombe. Simu hapokei. Humo ndani kuna madeni ya wakulima wote waliochukua mbolea kuanzia Novemba. Sasa hivi wanapeleka mahindi NFRA (wakala wa hifadhi ya chakula), mimi nimekaa na baridi hii ya Julai sijui nimdai nani kiasi gani.

Sijaomba ushauri wa familia. Nimeuliza neno la siri. Na kuna fundi nimeshampata, anasema analitoa kwa laki moja na nusu. Nimempa advansi 80,000 na kompyuta iko kwake tangu juzi. Nilitaka tu kujua kama inawezekana kitaalamu.

Kuku wa Kienyeji Iringa

Duuh. Yaani "kero ya neno la siri" kumbe ni mshahara wa mtu.

Mama wa Neema Tele

Kaka, jasho la mtu halikauki hivi hivi. Binti wa watu kakaa miezi miwili bila mshahara halafu unashangaa mlango umefungwa? Mrudishie haki yake, utaona milango itakavyofunguka yenyewe. Mwenye masikio na asikie.

Wakili Bila Koti

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara, lakini mpaka akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. "Tutakatana" ya mdomoni, tena mshahara wote, haimo. Akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi una kazi. Utamthibitishiaje hasara, wakati wote mnaingia kwa jina moja la OFISI? Mfumo hurekodi nani kafuta ankara, nani kabadili idadi. Kumbukumbu zako zote zitasema OFISI, na OFISI ni pamoja na wewe.

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Wakili, nakuheshimu, lakini hasara ile ilikuwa mikononi mwake. Vijana wengine ni wabebaji tu, hawajui kompyuta.

Sinza Famasi

Lakini neno lilikuwa chini ya kibodi. Umetuambia mwenyewe.

Kichwa cha Nyaya

Kwa wanaouliza hizi siku 90 zimetoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo ulioandikwa na Bill Burr: changanya herufi, tarakimu na alama, badilisha mara kwa mara. Ofisi karibu zote duniani zikaiga. Mwaka 2017 Burr, akiwa amestaafu, alikiri hadharani kwamba mengi aliyoyaandika anayajutia. Mwaka huo huo NIST wakaandika upya: usimlazimishe mtu kubadilisha bila dalili kwamba limevuja, bora liwe refu. Microsoft nao 2019 wakaondoa ukomo kwenye mapendekezo yao ya Windows. Ila kanuni za kampuni za kadi za benki, PCI DSS, ziliibeba ile ya siku 90, na mifumo ya mahesabu inayogusa malipo ya kadi ikaibeba pia. Ndiyo hiyo inayomfuata muuza Urea wa Makambako ambaye hajawahi kuona mkulima anatoa kadi.

Chumvi Nyingi

Kwa hiyo kuna mzungu mmoja amejuta na mimi bado naandika Panadol7. Sawa.

Kipimajoto

Jamani, mnapigwa chai ya tangawizi na nyie mnaongeza sukari.

Rudini juu. Mwanzo jamaa analalamika akirudi stoo anafungiwa nje, mteja kasimama. Baadaye haingii kabisa. Sasa kompyuta haipo hata dukani, iko kwa fundi tangu juzi. Mwenye duka gani asiyejua wadaiwa wake? Mimi nasema huyu siyo mwenye duka. Huyu ndiye aliyeondoka, au ndiye huyo fundi, ana kompyuta ya mtu mezani na anatafuta namna ya kuifungua kupitia sisi. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Msije mkasema sikusema.

Kuku wa Kienyeji Iringa

Eeh! Karanga zimenikwama.

Ndondocha wa Pili

Kweli bwana. Atupe uthibitisho. Piga picha leseni ya biashara, ficha jina.

Mama wa Neema Tele

Na mimi nilishamuombea jamani.

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Kipimajoto, nakuandikia kwa hasira lakini kwa heshima. Leseni iko ukutani dukani na mimi nimeshafunga. Niulize chochote cha duka la pembejeo.

Mfuko wa DAP ukiupanga sakafuni bila mbao unavuta unyevu, unaganda, unauvunja kwa nyundo, na mkulima haununui. Mbegu za mahindi haziwekwi chumba kimoja na dawa ya magugu. Na wadaiwa wangu nawajua kwa sura, siyo kwa hesabu, maana wako 140 na zaidi. Yupo mzee mmoja tulimwandika "Kofia Nyekundu" kwa sababu jina lake liko kwa watu sita. Alichukua Urea mara tatu. Ni mifuko 9 au 14? Jana kaja mwenyewe, kasimama mlangoni, kaniuliza, "Mwanangu, nadaiwa ngapi?" Nikamwambia arudi Jumatatu. Hiyo ndiyo aibu iliyonileta hapa, na ndiyo maana nilianza kwa kuzunguka.

Mzee wa Kauntabuku

Huyu ni muuza mbolea kweli. DAP ikiganda ni nyundo. Kijana, mwambie Kofia Nyekundu aseme mwenyewe idadi. Mtu anayekuja kuuliza deni lake hakudanganyi.

Kipimajoto

Ya nyundo nimeikubali. Ya shemeji bado ni chai mpaka nimsikie shemeji.

Bibi Leja

Tuendelee kabla hamjapigana. Makini, mambo ni mawili na majibu yake ni tofauti.

Kuna mifumo ambayo neno ni komeo la mlangoni tu. Hapo wauzaji wenyewe wanaweza kukufungulia, ukiwapelekea namba ya leseni ya programu na hati za biashara. Na kuna mifumo inayosimba faili zima kwa neno hilo, yaani bila neno halisomeki. Hapo hata waliotengeneza hawawezi, maana neno lenyewe halihifadhiwi. Linasagwa, kinachobaki ni unga, na unga haurudi kuwa punje. Fundi wako akilazimisha faili la namna hiyo analiharibu. Mwambie leo asiguse chochote kabla hajatoa nakala ya faili.

Halafu, una bakapu (nakala ya akiba)? Mara nyingi bakapu hufunguka kwa neno lililokuwepo siku ilipotolewa. Ukiwa na ya mwezi wa tatu, jaribu neno la mwezi wa tatu, hata kama limekatwa kwa kalamu. Wakulima wako walichukua mbolea Novemba mpaka Februari. Madeni karibu yote yatakuwa humo.

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Flashi ya bakapu ipo. Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta.

Bibi Leja

Iliyoko kwa fundi.

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Ndiyo dada.

Wakili Bila Koti

Kwa hiyo mtu baki ana kompyuta, ana nakala, ana majina na namba za simu za wakulima 140. Toka hapo ulipo sasa hivi.

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya wa siku mbili.

Kompyuta nimeichukua. Fundi hakuwa ameanza, alikuwa anasubiri umeme. Advansi kagoma kurudisha. Flashi haikusaidia, bakapu ya mwisho ni ya Oktoba, kabla ya msimu. Kumbe aliyekuwa anakumbuka kutoa bakapu ni huyo huyo shemeji, na alikuwa anazihifadhi kwenye simu yake kwa sababu flashi nilikataa kununua nyingine.

Mke wangu hakunisemesha toka mnianike hapa (anasoma jukwaa hili, sikujua). Jana akampigia mama yake. Nimetuma mshahara wa mwezi wa tano, 250,000, kwa simu. Wa sita nimeahidi. Ya upungufu tutakaa kikao, msimamo wangu sijaubadilisha. Baada ya nusu saa shemeji akanitumia ujumbe wenye neno tu, bila salamu.

Nimeingia. Kofia Nyekundu ni mifuko 11.

Mama wa Neema Tele

Utukufu!!! Na wa sita umalizie.

Kipimajoto

Chai imenoga, naomba kikombe cha pili.

Bibi Leja

Sasa kabla ya yote: fungua jina lako, la shemeji kama atarudi, na la kila kijana. Toa bakapu mbili. Na karatasi ya chini ya kibodi ichome.

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Nimefanya dada. Bakapu mbili tayari. Halafu si unajua mateso yangu, nilipoingia tu kikaniambia siku 90 zimeisha, kinataka jipya. Nimekataliwa mara nne. Mwisho nimeweka KofiaNyekundu@11, limekubali. Ni refu, nadhani mzungu wa Kichwa cha Nyaya angefurahi.

Kichwa cha Nyaya

Mkuu hariri hiyo komenti SASA HIVI.

Pembejeo Makini (mleta uzi)

Nihariri nini?