Mrejesho: kurudi chuo kumaliza digrii ukiwa Malindi

Ndugu zangu, niliuliza mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu anarudi vipi kumaliza. Shukrani kwa majibu. Haya ndiyo yaliyothibitika.

Anza na chuo cha zamani, hata kama hutaki kurudi huko. Uliza deni la karo ni kiasi gani, na kama muda wa juu wa kusomea digrii hiyo umekwisha. Deni likiwapo, kwa kawaida transkripti, yaani hati ya alama zako, haitoki, na bila transkripti hakuna atakayekuhesabia yuniti ulizofaulu. Omba kulipa kwa awamu, kwa barua, si kwa simu.

Wanaohamia chuo kingine hukwama hapa: alama peke yake hazitoshi. Idara hulinganisha yaliyofundishwa, kwa hiyo chukua na muhtasari wa kila yuniti, wenye mada na saa za mihadhara. Majina ya yuniti hufanana, yaliyomo hayafanani. Za kompyuta za miaka mingi nyuma ndizo rahisi kukataliwa. Na usilipe karo mpya kabla ya kupata barua yenye orodha ya yuniti zilizokubaliwa; ahadi ya mdomo ya karani si kitu.

Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, matatu zipo. Mwenye zamu za hoteli atazame Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoanzishwa 2023, kinachofundisha kwa intaneti.

Mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo), lo! Unadaiwa hata kama hukuhitimu.