Wakuu, eti bila miguu na mgongo mwili haujengeki?

Kijana_Shangani:
Wakuu habari za jioni. Mi niko Mtwara mjini huku Shangani, nina miaka 29, napiga tizi mwezi wa saba sasa uani kwa jamaa yangu, vyuma vyetu ni makopo ya rangi tumejaza zege. Muda wote huo nimekomaa na kifua na mikono tu, na kweli mikono imetoka. Ila msimu wa korosho ulivyofunguliwa nkapata kibarua cha kupakia magunia ghalani, siku ya pili tu mgongo ukakaza nkalala siku tatu, wakati kuna mzee tunapakia nae hajawahi kugusa chuma na anabeba kutwa nzima. Jamaa ananiambia nianze na misuli mikubwa, mapaja, makalio, mgongo. Ni kweli? Na mikono niache kabisa?

FundiChuma:
Jamaa yako kakwambia kweli mdogo wangu. Mkono unashika tu gunia, wanaolinyanyua ni makalio na mapaja, mgongo kazi yake kukaza usipinde. Msuli mkubwa kuliko yote mwilini ni huo wa makalio na we miezi saba umeuacha umelala. Yule mzee mazoezi yake ni hayo hayo magunia miaka yote. Uzuri ukichuchumaa na mzigo, zoezi moja linafanyisha kazi mapaja, makalio, tumbo na mgongo kwa pamoja, moyo unaenda mbio, nguvu inayotumika ni nyingi kuliko kukunja mkono, kwaiyo sisi wa vibarua tusio na muda ndo zoezi letu hilo. Piga Jumatatu na Alhamisi: kuchuchumaa, kunyanyua toka chini, kujivuta kwenye bomba, pushapu, seti 3 za mara 8 mpaka 12. Mgongo ukishatulia lakini! Na wiki mbili za mwanzo tumia bomba tupu bila makopo, kisigino kisinyanyuke. Nasisitiza hapo maana nimeona vijana wanaumia kwa haraka ya kuongeza uzito.

MamaZai_Lindi:
Kaka usifikirie magunia tu. Mama yangu ana kisukari, kliniki walimwambia atembee na afanye mazoezi ya nguvu, nikauliza ya nguvu kwa mtu mzima vipi, wakanielewesha kwamba misuli ndo inayochukua sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, na ikifanya kazi inaivuta hata kama insulini ni dhaifu, sasa mapaja ndo yana nyama nyingi ukiyaacha umeacha ghala kubwa tupu. Anakaa na kunyanyuka kwenye kiti mara 10, anapumzika, anarudia. Shirika la Afya Duniani nalo linasema misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki. Saivi anaamka kwenye mkeka bila kushikwa mkono, mi hilo tu linanitosha. Ila anaetumia sindano ya insulini aongee na daktari kwanza, sukari inaweza kushuka ghafla.

Mkazi_wa_Ligula:
Naongezea moja, kuna watu watakwambia ukipiga miguu homoni zinapanda mpaka mikono inanenepa yenyewe. Sio kweli, zinapanda kidogo na kwa muda mfupi, msuli unakua ule uliofanyishwa kazi. Kwaiyo mikono usiache, iweke mwisho baada ya mikubwa. Afu kula, kunde, mbaazi, dagaa, huku kwetu havikosekani.

Kijana_Shangani:
Nashukuru sana wakuu, mgongo ukipoa naanza na bomba tupu kama kaka alivyosema. Dada MamaZai, bibi yangu yuko Newala, kuamka toka chini mpaka ashike ukuta. Hicho kiti cha mama ni cha aina gani?

MamaZai_Lindi:
Cha mbao cha kulia chakula, kiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Cha plastiki hapana kinateleza. Akishindwa kabisa weka mto juu ya kiti kiwe kirefu, akizoea unautoa. Na wiki ya kwanza kaa nae karibu.